Shavu Nililolisafisha

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya mwalimu mkuu, bahasha mkononi, jasho likinitiririka chini ya kilemba. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha za darasa zima la watoto wa miaka saba, kila mmoja akicheka na meno kamili. Watoto wenyewe walikuwa na mapengo. Yale meno niliwatia mimi, kwa kompyuta, kwa moyo safi kabisa, na wazazi wao wakataka kunimeza mzimamzima.

Kazi ya shule ikaota mbawa. Mchana ule ule Swaran, mke wangu, alinisimamisha katikati ya duka akaniapisha.

"Sema: sitagusa tena uso wa mtu."

"Sitagusa tena uso wa mtu."

"Sema: nikigusa, Swaran anakwenda kukaa kwa dada yake Great Barr na harudi."

Nikasema hilo nalo. Mwanamke akifika mahali pa kukutungia kiapo, wewe fuatisha tu.

Kwa anayekutana nami leo: naitwa Darshan Singh, mzaliwa wa Kericho, mpiga picha wa Nechells, Birmingham. Duka langu limebanwa kati ya ghala la matairi na ghala la vigae. Watoto wetu wamekua na kuondoka, na Kiswahili hawajui, kwa hiyo tangu wakiwa wadogo mimi na mama yao tukitaka kugombana tuligombana kwa Kiswahili. Tumekizoea mno. Siku hizi hata tukipatana tunapatana kwa Kiswahili.

Kiapo kile kiliishi majuma manne.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2006, mji mzima umetundika bendera za mpira madirishani. Swaran alikuwa kwa daktari wa meno. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama wa Kikongo, mrefu, kitambaa cha kitenge kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Papa Darshan ni weye?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Banasema unajua Kiswahili. Minataka photo ya viza. Mutoto wangu anaolewa Kampala."

Jina lake kwenye hati ni Orpha, lakini kanisani kwao wote humwita Mama Francine, na kwa miaka mingi hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo Francine. Hadithi yake aliimaliza kabla sijawasha taa. Vita ilipoingia Uvira, mji wao, mwaka wa tisini na sita, yeye alikimbilia upande mmoja, mtoto wa miaka tisa akabaki upande mwingine, mikononi mwa Arsène, mdogo wa marehemu mumewe. Arsène akamlea, akamfikisha Kampala. Akamwambia mama yako alikufa.

"Kwa nini amwambie hivyo?" nikauliza.

Akauvuta mkoba karibu. "Sijui. Labda aliamini vile."

Miaka kumi ikapita. Mwezi wa pili mwaka ule muumini mmoja wa kanisa lao alikwenda Kampala, akamwona msichana ibadani, akamuuliza wewe ni wa nani. Ndivyo mama na mwana walivyopatana. Walizungumza kwenye simu mara moja tu, laini mbovu, kila mmoja akilia. Sasa Francine anaolewa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, na Mama Francine alikuwa amekwisha kununua kitenge cha harusi. Kilichobaki ni viza, na kwa viza, picha.

Nilimweka kwenye kiti. Ukutani kwangu nina karatasi kubwa ya masharti, nami nikamsomea kama ninavyomsomea kila mtu, kwa sababu watu hudhani ni maneno yangu.

"Nyuma kuwe kweupe. Kichwa wazi, masikio yote mawili yaonekane. Utazame mbele. Mdomo ufungwe. Usicheke."

"Mutoto wangu anaolewa, na unaniambia nisicheke?"

"Si mimi, mama. Ni ofisi ya viza."

"Hiyo ofisi haina mutoto?"

Akavua kitambaa shingo upande. Akageuza uso pembeni, upande wa kulia. Nikamwambia atazame mbele. Akatazama mbele kwa nusu dakika, kisha akageuka tena. Mara tatu. Hapo ndipo nikaliona: kovu lililoanzia chini ya jicho la kushoto likateremka mpaka kidevuni, nene, lililoshonwa na mtu asiyejua kushona.

"Mama, kovu si kosa. Sharti halisemi chochote juu ya kovu."

"Najua." Alikuwa anaukunja mkanda wa mkoba na kuukunjua. "Mais lakini kule harusini kila mutu ataniangalia, ataniuliza, Mama Francine, nani alikukata? Nitajibu nini mbele ya wageni?"

Nikafikiri ni askari. Nani asingefikiri hivyo? Nikapiga picha, nikaenda nyuma kwenye kompyuta.

Sasa nisikilizeni, maana mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Marehemu baba yangu alikuwa na studio Kericho. Alikuwa na penseli iliyochongwa mpaka ikawa sindano, na meza ya kioo yenye taa chini yake, akichora juu ya negativu ya filamu kwa saa nzima kwa ajili ya chunusi moja. Bwana harusi mwenye makengeza alitoka kwa baba macho yamenyooka. Karani mweusi wa jua alitoka mwangavu. Hakuna aliyelalamika. Baba alisema mteja hakuja kununua uso alio nao, ule anao bure nyumbani. Nimekua na maneno hayo. Kuacha uso wa mtu na dosari yake kwangu ni utovu wa adabu, ni kama kumpa mgeni kikombe chenye ufa.

Na karatasi ya masharti, sharti la tisa, linasema waziwazi: picha isirekebishwe kwa namna yoyote. Nawasomea watu kila siku. Siku ile, sharti la tisa nililiruka.

Nikalisafisha lile shavu. Dakika ishirini tu. Nilichukua ngozi ya shavu la kulia nikaipeleka kushoto, nikalainisha kando, na nikwambieni kweli, baba angenipa mkono.

Nikamkabidhi. Aliishika ile picha kwa ncha za vidole. Akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Akarudi. Akaenda tena.

"Papa," akasema, "umenirudisha Uvira."

Akalia, nami nikatokwa na machozi, tukawa wajinga wawili ndani ya duka. Alichukua sita. Mbili za fomu, moja ya Francine, apelekewe na mtu aliyekuwa anasafiri Jumamosi ile. Nyingine za kwake mwenyewe.

Swaran aliporudi, shavu limevimba kwa sindano ya daktari, aliuliza kama kuna mtu alikuja.

"Mmoja. Picha ya viza."

"Hukugusa?"

"Swaran!" nikasema, kama mtu aliyetukanwa.

Siku kumi na mbili zikapita kwa amani. Siku ya kumi na tatu simu ya duka ililia.

Swaran alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anafuta vumbi kwenye fremu. Niliinua mkono wa simu. Laini ilikuwa ya mbali, ina mlio wa upepo.

"Allô? Ni studio ya Darshan, Birmingham?"

"Ndiyo."

"Mzee, jambo. Nilikuta namba nyuma ya photo. Minaitwa Francine."

Muhuri wa studio. Hiyo nayo ni desturi ya Kericho, kila picha inayotoka kwetu hupigwa muhuri mgongoni, jina na simu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, nikidhani binti anapiga kushukuru.

"Mzee, niko kwenye simu ya kibanda, itakatika. Nauliza kitu kimoja. Hii photo ya mama Orpha, muliitengeneza? Muliondoa kitu kwa uso?"

Nikamtazama Swaran. Swaran, kitambaa mkononi, alikuwa amesimamisha kufuta.

"Kuondoa kitu?" nikasema.

"Juu ya vile mama yangu nilimuacha na kidonda kikubwa, huku kushoto. Niliona mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, siwezi kusahau. Huyu wa photo hana kitu. Baba mdogo anasema ni mutu anatudanganya, eti mama yangu alikufa na huyu anatafuta kitu kwetu. Sasa nataka kusikia kwa mwenye kupiga photo."

Jibu lilikuwa la neno moja. Neno lenyewe ni jepesi, mtoto anaweza kulisema. Lakini Swaran alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na nikaona begi lake, na nikaona basi la Great Barr, na mimi peke yangu mezani na chapati za jana.

"Hapana, binti yangu," nikasema kwa sauti ya kutosha kusikika dukani kote. "Hapa hatugusi nyuso za watu. Kamera inavyoona ndivyo tunavyotoa."

"Kweli ya Mungu?"

"Kweli ya Mungu."

Sauti ikarudi ndogo, kama ya mtu aliyekaa chini ghafla.

"Basi, mzee. Asante."

Nikaweka simu.

"Nani huyo?" Swaran akauliza.

"Mteja. Anauliza kama tunarekebisha picha."

Swaran akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kunitabasamia tangu yale meno. Akaenda nyuma akanipikia chai ya tangawizi, na mimi nikainywa yote. Hilo nalo naliungama.

Tangu siku ile sikukaa nikatulia. Nikiketi nasimama. Nikisimama naenda dirishani. Nilipanga fremu kwa ukubwa, nikazipanga kwa rangi, nikazirudisha kwa ukubwa. Nilijiambia mambo ya mama na mwana hupatana yenyewe, damu nzito kuliko maji. Nilijiambia watapigiana simu tena, watacheka. Mara mbili niliinua simu kumtafuta Mama Francine, na mara mbili nikairudisha. Sikuwa na jambo la kumwambia lisiloanza na kosa langu. Swaran alidhani ni tumbo, akaninyima pilipili.

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Mama Francine. Kitambaa chake kichwani kilikuwa kimefungwa ovyo, viatu ni vile vya kazini, vya ghala. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu.

"Papa Darshan, unisomee hii. Kiingereza cha barua na cha kusema si kimoja."

Ilikuwa barua ya ofisi ya viza, London. Nikaisoma kimya, kisha nikatamani nisingejua kusoma. Walikuwa wamelinganisha picha ya fomu na ile iliyo ndani ya hati yake ya kusafiria. Katika hati, mwanamke mwenye kovu. Katika fomu, mwanamke asiye na kovu. Waliona mashaka kama mwombaji ndiye mwenye hati. Afike mwenyewe kesho, Alhamisi, saa tano, na picha mpya mbili, na maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyepiga picha ya kwanza. Asipofika, ombi limefungwa.

Nikamwelezea. Alikuwa anatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Donc basi, bananiona mimi si mimi."

"Ni picha, mama. Ni ile picha tu."

"Kesho saa tano." Akahesabu kwa vidole. "Harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Bado inawezekana?"

"Inawezekana."

Nyuma yangu nikasikia pumzi. Swaran alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga. Aliichukua barua mkononi mwangu, akaisoma, akamtazama Mama Francine usoni kwa mara ya kwanza, shavu la kushoto. Kisha akanigeukia.

"Mzee. Hii kompyuta hapa ni ya nani?"

"Swaran, sikiliza..."

"Si nimeuliza? Ni ya nani?"

"Yangu."

"Na ule mkono uliapa mbele yangu ulikuwa wa nani?"

Nilitarajia begi litoke pale pale. Badala yake Swaran alimvutia Mama Francine kiti, akamfuta unga aliompaka begani, akaanza kumwomba msamaha kwa niaba yangu.

"Dada, huyu mzee yangu ni mgonjwa. Ugonjwa yake ni kusaidia."

"Usimukasirikie," akasema Mama Francine. "Na mimi niliipenda. Niliona haiko vile niko, nikanyamaza. Niliiweka karibu na kitanda. Kila asubuhi nilikuwa nawaza, hivi ndivyo ningekuwa." Akapangusa macho kwa kiganja. "Kosa ni la watu wawili."

Laiti mambo yangekomea hapo, ningekuwa mtu aliyesamehewa. Lakini Mama Francine alikuwa bado hajamaliza.

"Na viza si njo kitu kinaniua. Kinachoniua ni Francine. Alinitumia ujumbe wa mwisho: usipige tena, mama yangu alikufa. Tangu siku hiyo nikipiga, hapokei. Nitakwenda Kampala kwa nani? Nitasimama kwenye mlango wa harusi niseme mimi ni nani?"

"Lakini kwa nini?" Swaran akauliza. "Ghafla hivyo?"

"Juu ya photo. Anasema alitafuta ukweli, na ukweli akaupata."

"Aliupata wapi?"

"Sijui, dada. Kuna mutu alimuambia."

Mimi nilikuwa tayari niko mbele ya kamera, nawasha taa, nazima, nawasha. Nikasema tupige picha, muda unakwenda, basi la London linaondoka alfajiri. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa naiona mwisho wake kwa macho yangu.

Akavua kitambaa. Safari hii hakugeuza uso. Alitazama kamera moja kwa moja, mdomo umefungwa, bila kuambiwa.

"Uache vile Mungu alinifanya," akasema. Kisha akajisahihisha. "Hapana. Haiko Mungu. Uache tu vile iko."

Niliacha vile ilivyo. Ilikuwa picha bora kuliko ile ya kwanza, na kusema hivyo kunaniuma kama mpiga picha na kunaniuma kama mtu. Nikaandika maelezo kwa mkono wangu: mimi, Darshan Singh, nilifuta kovu kwa hiari yangu, mteja hakuniomba, mwenye picha hii ndiye mwenye hati ile. Nikatia sahihi. Karatasi ya kwanza niliiharibu, nikaandika tena.

Mama Francine akaikunja karatasi, akaitia mkobani. Hakuinuka.

"Kwa ofisi umeandika. Sasa kwa Francine."

"Kwa Francine?"

"Umuambie kwa mdomo. Weye njo ulifuta, weye njo utasema. Mimi hataniamini, mais weye ni mpiga photo. Atakuamini."

"Laini za Kampala mchana ni mbaya sana," nikasema.

"Laini ni nzuri," akasema Swaran.

"Labda yuko kazini."

"Atapokea mtu wa nyumbani." Swaran alikuwa ameshavuta simu ya duka, ile yenye spika, akaiweka katikati ya kaunta. "Dada, soma namba."

Namba ilikuwa moja tu, ya Arsène. Simu ya nyumba ile ilikuwa yake. Mama Francine aliisoma kwa moyo, tarakimu moja moja, na Swaran akabonyeza. Nilitazama mlango. Ghala la vigae lilikuwa linashusha mzigo, lori limeziba barabara yote, hata kukimbia nisingepata pa kukimbilia.

Ikalia mara tano. Ikapokelewa. Kulikuwa na kelele za watu, mabenchi yakisogezwa, mtoto akilia. Nyumba yenye harusi.

"Allô?"

Sauti ya msichana. Mama Francine alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Swaran akanisukuma kwa kiwiko.

"Francine?" nikasema. "Binti yangu, mimi naitwa Darshan. Ni mpiga picha wa Birmingham. Nilitaka kukwambia..."

"Naijua hii sauti."

Nikautazama mlango tena.

"Wewe njo ulinijibu," akasema Francine. "Wiki ile. Nilikuuliza kama mumeondoa kitu, ukaniambia hapana. Nikakuuliza kweli ya Mungu, ukaniambia kweli ya Mungu."

Sikumtazama Swaran. Sikuhitaji kumtazama, nilisikia mkono wake ukiondoka kwenye kaunta. Mama Francine ndiye niliyemwona. Alishusha mikono kutoka mdomoni, taratibu, akanitazama kama anayejaribu kukumbuka alikwisha kuniona wapi.

"Ni weye?" akaninong'oneza. "Ule mutu ni weye?"

"Nilidanganya," nikasema kwenye simu, na sauti yangu mwenyewe ilinishangaza jinsi ilivyo nyembamba. "Nilidanganya, binti yangu. Mke wangu alikuwa karibu, nikaogopa. Kovu lipo. Liko kushoto, kutoka kwenye jicho mpaka kwenye kidevu. Nililifuta mimi. Mama yako hakuniomba. Yuko hapa mbele yangu sasa hivi, na kovu lake."

Kelele za ile nyumba zilipungua. Mtu alimnyamazisha mtoto.

"Sasa nikuamini yupi?" Francine akauliza. "Wa siku ile ao wa leo?"

Hilo ndilo swali, ndugu zangu. Nimejiuliza mwenyewe usiku na mchana.

"Francine." Mama Francine alikuwa amesogea, midomo yake karibu na simu. "Francine, mwanangu. Ni mimi."

"Kila mutu anaweza kusema ni mimi."

"Uniulize kitu. Chochote. Nitakujibu."

Tulisikia msichana anapumua. Alipozungumza tena hakuwa analia, na sauti yake ilikuwa imepanda, kama anayetaka asikike na wote waliomo chumbani.

"Ile siku walikukata, niliambiwa nikae chini ya kitanda. Sikukaa. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimuona mwenye kukukata, nilimuona uso. Sijamuambia mutu hata mumoja, miaka kumi. Kama weye ni mama yangu, umutaje jina. Nitajua palepale."

Mama Francine alirudi nyuma hatua moja. Nimepiga picha za nyuso za watu miaka arobaini na sijawahi kuona uso ukiisha damu vile, kovu tu ndilo lililobaki na rangi. Swaran alimshika mkono.

"Sema, dada," akamwambia. "Taja tu. Ni jina moja."

Mama Francine alitikisa kichwa. Aliinama kwenye simu na kuuliza polepole, kila neno peke yake.

"Mwanangu. Simu umeishika weye?"

"Hapana, mama. Iko mezani, kwenye spika. Tunasikia wote."

Alisema mama. Sijui kama alijua amesema. Mama Francine alifumba macho, na kabla hajayafumbua sauti ya mwanamume ilitoka kwenye simu yangu, ya taratibu, ya mtu aliyeketi vizuri kitini.

"Niko hapa, shemeji. Umujibu mutoto."